Wakwe Zangu Wafinyanzi

Babu wa mkamwana wangu alizijua kazi za wazee wake hadi kizazi cha saba. Mimi niliijua vizuri kazi ya mama yangu, na hiyo niliificha. Haya ninayoyaandika ni habari ya jinsi tulivyokutana yeye na mimi, na jinsi nilivyokaribia kumpoteza mwanangu kwa sababu ya kikombe cha juisi.

Mwaka 2015 tulikuwa tumetimiza miaka saba Louisville. Mke wangu alisafisha vyumba hotelini. Mimi nilifunga maboksi katika kiwanda kimoja cha Jeffersontown, shifti ya asubuhi, na binti yetu alikuwa chuoni. Kaka yake alikuwa amehamia Hilliard, pembeni mwa Columbus, akiendesha foklifti ghalani. Wote wawili walizaliwa kambini Kigoma na wakakulia huko. Burundi waliisikia kwetu tu, na kwangu walisikia yale niliyotaka wasikie.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, kijana akampigia mama yake simu. Mke wangu akafungua sauti ili nami nisikie.

"Nimepata mchumba, Mama."

"Mrundi?"

"Hapana."

"Mkongo?"

"Hapana."

"Mtanzania basi."

"Mmarekani, Mama. Mzungu."

Mke wangu akanitazama. Kisha akauliza, "Anasali?"

"Anasali."

"Anakula ugali?"

"Anajifunza."

"Basi mlete tumwone," akasema, akaingia jikoni akiimba.

Alimleta na tukampenda. Alikuwa msichana mpole mwenye vidole vyenye nguvu na kucha fupi, na kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika karakana moja ya Columbus inayowahudumia madaktari wa meno. Aliniita Baba tangu siku ya kwanza. Wazazi wake walitengana akiwa mdogo, akalelewa na babu yake huko Buffalo. Wazee wao, alisema, walitoka Ujerumani. Kwa hiyo kama tulitaka kuposa kwa heshima, ilibidi twende Buffalo kwa babu.

Kuposa kunataka mshenga. Niliyemchagua alikuwa rafiki yangu wa tangu kambini, mzee wa kanisa letu, ambaye pia alifunga maboksi mstari mmoja nami. Nilimwambia wakati wa chakula cha mchana kazini.

"Wajerumani," akasema, akifuta mdomo. "Hao walitutawala kabla ya Wabelgiji. Leo tunakwenda kuwachukulia binti. Niachie mimi kazi hiyo."

Tulisafiri mwezi wa nne katika gari la kukodi: mshenga, mke wangu, binti yetu wa kutafsiri, na mimi. Tulimpitia kijana Hilliard, naye akaendesha kutoka hapo hadi Buffalo. Mchumba wake alikuwa ametangulia. Pembeni mwa barabara theluji ya mwisho ilikuwa imegeuka nyeusi. Babu alikaa Kensington-Bailey, katika nyumba ya mbao yenye baraza mbele. Wajerumani wenzake walikuwa wameuhama mtaa ule zamani, yeye akabaki. Majirani zake, Wamarekani weusi, ndio waliomwazima viti vya kutukalisha, na jirani mmoja alikuwa bado anavipanga tulipofika.

Yule mzee alitupokea akiwa na suti na tai. Mjukuu wake alikuwa amemweleza kwamba kwetu, katika kuposa, kila upande hujieleza: sisi ni akina nani, wazee wetu walikuwa watu gani, walifanya nini. Alilichukua jambo hilo kwa uzito zaidi kuliko sisi wenyewe. Mezani alikuwa ametandika kitambaa, na juu yake kulikuwa na mtungi mkubwa wa kijivu, vyungu viwili vyenye mifuniko, matofali matatu, na kipande cha bomba nene la udongo. Mkononi alishika karatasi.

Mshenga akasimama, akakohoa. "Tumesikia kwamba katika boma hili kuna mtamba mzuri," akaanza. "Sisi tuna dume zizini linalolala peke yake."

Binti yangu akamvuta koti. "Mjomba, mimi siwezi kumwita ng'ombe mbele ya babu yake."

"Tafsiri ulivyoambiwa."

Akatafsiri, uso umemwiva. Yule mzee akawaza kidogo, kisha akajibu kwamba ng'ombe hana, jiji haliruhusu, lakini anaye mjukuu mmoja na hamwuzi. Tulicheka wote, hata jirani aliyekuwa mlangoni. Ilikuwa imeanza vizuri kabisa.

Ndipo akafungua karatasi yake.

Wa kwanza aliyemjua, alisema, alikuwa mfinyanzi katika kijiji cha Ujerumani. Alifinyanga mitungi ya kuchachushia kabichi na vyungu vya maziwa. Moto ulipokuwa mkali kabisa alirusha chumvi ndani ya tanuri, na chungu kikatoka na ngozi inayong'aa. Mtoto wa huyo alivuka bahari akafika Buffalo hii hii, akabeba udongo mgongoni kwa mfinyanzi mwingine mpaka akapata tanuri lake. Mtoto wa huyo akahamia Columbus, akafyatua matofali. Nyumba zilizojengwa kwa matofali yale bado zinakaliwa. Wa nne alibaki huko huko Ohio akitengeneza mabomba ya maji machafu. Wa tano alishuka hadi Louisville, akawa mchomaji katika kiwanda cha mitungi, na mkewe akichora maua ya buluu juu ya mitungi hiyo hiyo. Wa sita alirudi Buffalo akawa mwashi. Yeye mwenyewe, wa saba, alifanya kazi maisha yake yote akipanga matofali ya kuzuia moto ndani ya matanuri ya chuma.

"Na mjukuu wangu anadhani ameukimbia udongo," akamalizia, akimtazama kwa fahari. "Lakini meno anayotengeneza ni ya kauri, na kauri ni udongo."

Binti yangu alitafsiri yote bila kujua anachokisema. Mfinyanzi. Mtoto wa mfinyanzi. Mimi nilikuwa namtazama mshenga. Tabasamu lilikuwa linafifia polepole usoni mwake, na mwishoni akaniinamia akanong'ona kwa Kirundi, "Mpaka meno."

Lazima nieleze hapa, kwa msomaji asiyetoka kwetu. Burundi ufinyanzi ni kazi ya Watwa. Kila nyumba ilikuwa na chungu chao na maharage yalichemka humo kila siku, lakini aliyekifinyanga hakukaribishwa ndani. Alipopewa pombe alipewa katika kibuyu chake mwenyewe, akanywea nje. Watu waliokaa kuzunguka mtungi mmoja walipokezana mrija, lakini mrija ulioguswa na mdomo wa Mtwa haukuguswa tena na mtu mwingine. Kuoana nao ndiko kabisa hakukusemwa. Hiyo ni dhuluma. Nilijua ni dhuluma hata siku ile, nimekaa kwenye kiti cha kuazima Buffalo. Mimi na mshenga tulikuwa tumeshiriki Meza ya Bwana pamoja miaka mingi tukisema watu wote ni sawa.

Babu akakunja karatasi. "Na upande wenu?" akaniuliza mimi, si mshenga. "Wazee wenu walifanya kazi gani?"

"Wakulima," nikasema. "Wote wakulima."

Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa jambo kubwa. Kisha akaleta vikombe. Vilikuwa vikombe vikubwa vya udongo vya kijivu, vyenye ua la buluu, kazi ya nyanya yake wa Louisville, naye alikuwa amevijaza bia. Tukamweleza kwamba sisi ni watu wa wokovu, hatunywi. Alifedheheka sana. Akavirudisha jikoni, tukasikia maji yakitiririka, akarudi na vikombe vile vile vikiwa na juisi ya tufaha.

Sasa udhuru wa bia ulikuwa umekwisha. Mshenga alipokea chake, akakishika kidogo, akakiweka mezani. Kwetu baba wa kijana ndiye anayekunywa kwanza, na wengine hufuata. Mke wangu akanitazama akisubiri.

Kidole gumba changu kilikuwa kimekwenda chenyewe mahali mkono wa kikombe unapoungana na tumbo lake. Pale palikuwa na alama ya kidole, aliyeubandika mkono ule aliuminya hivyo na kuuacha hivyo. Naijua alama hiyo. Mama yangu aliiacha kwenye kila kitu alichotengeneza.

Mama yangu alikuwa Mtwa. Baba, mkulima wa Kihutu, alimchukua kinyume cha ndugu zake wote, wakamtenga. Baba alikufa nikiwa na miaka saba, na shangazi yangu akaja akanichukua, akaninyoa, akaniosha kijitoni, akaniambia kwamba kuanzia siku ile mama yangu ni yeye. Nilipoandikishwa shuleni nilisema mama mkulima. Tulipokimbilia Tanzania mwaka wa sabini na mbili nilisema hivyo kwenye daftari la kambi, na miaka thelathini na zaidi baadaye nikasema hivyo kwa maofisa walioshughulikia safari yetu ya Marekani. Mke wangu hakujua. Watoto hawakujua.

Mtu asiye na siri angekunywa tu. Angemwambia mshenga, acha ujinga, hawa ni Wajerumani. Mimi niliwaza: nikinywa bila kusita, rafiki yangu atajiuliza kwa nini huyu hasiti. Nikamwambia binti yangu aseme kwamba tumbo linanisumbua tangu safarini. Nikakiweka kikombe chini.

Mshenga hakunywa. Mke wangu hakunywa, kwa sababu mimi sikunywa. Kijana wetu alikunywa chake chote kwa mkupuo mmoja, macho yakiwa juu yangu. Binti akaonja chake kidogo. Yule mzee alingoja, kisha akavikusanya vikombe vitatu vilivyojaa, kimoja kimoja, akavirudisha jikoni bila kumwaga tone. Aliporudi alisema kwamba mjukuu wake amekwisha chagua na yeye anaridhika. Hivyo tulikubaliwa, na tukaondoka kabla ya chakula.

Kijana aliendesha hadi tuliposimama kujaza mafuta. Akazima gari, akageuka.

"Baba, kwa nini hamkunywa?"

Mshenga akajibu kwa niaba yangu. "Mwanangu, sisi hatukatai. Ila kwetu nyumbani wafinyanzi ni watu wa namna gani, nadhani hujawahi kuelezwa." Akamweleza, kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayefundisha Biblia.

"Kwa hiyo ni Watwa wa Ujerumani," kijana akasema.

"Usifanye mzaha."

"Nani anafanya mzaha, Mjomba? Yule mzee ameandika karatasi nzima kwa ajili yenu." Akanitazama mimi. "Baba, na wewe unaamini hivyo?"

"Kuna mambo huyajui," nikasema.

"Nifundishe basi."

Kama kuna siku ningeweza kurudishiwa, ningeiomba hiyo. Si lazima iwe siku nzima. Wakati ule wa kujaza mafuta ungenitosha. Nilitazama nje kupitia dirisha. Akasubiri, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba ataoa, na asiyeweza kunywa na wakwe zake asijisumbue kuja. Binti yangu hakututafsiria. Tulielewa.

Walioana Columbus mwezi wa sita. Mimi nilimwomba supavaiza aniandikie kazi Jumamosi ya harusi. Mke wangu alivaa vazi lake la sherehe asubuhi, nikiwa nafunga viatu vya kazi.

"Tumekaa pamoja miaka thelathini na minane," akasema. "Umenisimulia ulivyotembea msituni na risasi nyuma yenu. Sikujua kwamba unaogopa kikombe."

Akaenda na binti. Walirudi na picha ndani ya simu. Sikuomba kuziona, nikaziona hata hivyo, simu ya mke wangu ilipokuwa inachajiwa. Kijana alikuwa amesimama kati ya mama yake na yule babu. Mahali pangu hapakuwa wazi. Watu walikuwa wamesogea wakapajaza, kama inavyotakiwa kwenye picha.

Baada ya hapo kijana alimpigia mama yake kila Jumapili, na akasema anisalimie. Ndiyo hivyo tu, nisalimiwe.

Mwezi wa kumi babu alimpigia simu binti yangu. Alisema anakuja Louisville kuona mahali babu yake alipofanya kazi, na angefurahi kama mkwe wake angemsindikiza. Binti aliniletea ujumbe huo akiwa amekunja mikono, akingoja nitafute tumbo jingine la kuniuma. Nikasema nitakwenda. Yeye alikuwa na masomo, kwa hiyo tulikwenda wazee wawili peke yetu, yeye na Kiingereza chake na mimi na cha kwangu cha kazini.

Kiwanda cha mitungi hakikuwepo tena. Palikuwa na maegesho ya magari na uzio wa waya. Yeye hakuonyesha kuhuzunika. Alitembea kando ya uzio, akainama kwa shida, akafukua nyasi kwa ncha ya kiatu mpaka akapata vipande vya udongo uliochomwa. Akanipa kimoja nikishike.

Alinieleza polepole, akitumia maneno mepesi ili nielewe. Babu yake aliuangalia moto siku tatu bila kulala kila tanuri lilipojazwa, akichungulia kwenye tundu dogo, mpaka jicho lake la kulia likafa. Nyanya yake alichora ua lile lile la buluu maisha yake yote, na nyumbani hakutaka kuona ua la aina yoyote. Watu wa kanisani mwao waliwaita watu wa matope, na baba yake alipokuwa mtoto alisugua kucha kwa mswaki kila Jumapili mpaka zikatoa damu.

"Baba hakupenda kuzungumza juu ya hayo," akasema. "Orodha nimeiandika baada ya kustaafu. Nilihangaika nayo sana, kwa sababu waliojua walikuwa wamekufa."

Tukasimama. Akavua kofia.

"Kuna neno nilitaka kukuambia. Siku ile niliwaletea bia, ninyi watu wa kanisa. Ningemwuliza mjukuu wangu kwanza. Tangu hapo huendi kwa watoto, na nadhani ni mimi niliyewakosea. Nisamehe."

Alikuwa amekwenda mwendo wote ule, na umri wake, kuniomba msamaha.

"Si bia," nikasema. Kiingereza kilinikimbia, ikabidi nitumie mikono. "Mama yangu. Vyungu." Nikafanya kama anayekunja kamba ya udongo na kuizungusha. "Mama yangu alifanya vyungu."

Alinikazia macho. "Mama yako alikuwa mfinyanzi?"

"Ndiyo."

"Na ulikaa pale kwangu nikikueleza jinsi chungu kinavyochomwa?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani akaipangusa kwenye koti. Sikujua la kufanya, nami nikacheka kidogo. Halafu akauliza, "Alitumia gurudumu?"

"Hapana. Mikono."

"Alilainishia nini?"

"Kipande cha kibuyu."

"Na kuchoma? Tanuri?"

"Hakuna tanuri. Chini, juu ya ardhi. Nyasi, na maganda ya miti."

"Vilipasuka vingi?"

"Mvua ikija, vingi."

Akaguna kama anayemsikitikia mtu anayemjua. Katika miaka yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza maswali yale, na aliyauliza kama fundi anavyouliza habari za fundi. Ndipo nikamweleza, kwa maneno machache niliyokuwa nayo, watu wa kazi ile ni akina nani kwetu, na kwa nini sikunywa. Hakucheka tena.

"Mwanao anajua?"

"Hapana."

"Mkeo?"

"Hapana."

Akavaa kofia yake. "Kesho naondoka saa mbili asubuhi," akasema. "Napitia Columbus."

Jioni ile nilimwambia mke wangu. Alikuwa anachambua maharage. Nilimaliza kusema naye akaendelea kuchambua mpaka sinia likaisha.

"Ningekukataa," akasema hatimaye. "Nikiwa msichana kambini, ungeniambia hivyo, ningekukataa, na baba yangu angekufukuza. Kwa hiyo kwa kunificha wakati ule sikulaumu. Lakini nilikuzalia watoto. Tukazika wawili. Tukaja mpaka huku. Katika hayo yote hukuona siku moja ya kuniambia?"

"Sikuona."

"Hukutafuta," akasema.

Ni kweli, sikuitafuta. Alilala akinipa mgongo, lakini asubuhi nilikuta amenifungia chakula cha safari, cha watu wawili. Mshenga alikuja kuyajua baadaye kwa kinywa changu mwenyewe. Bado tunasalimiana kazini. Nyumbani kwetu hupita mara moja moja, na kila mara chai inapoletwa huwa ameshiba.

Babu aliniacha mbele ya apatimenti ya mwanangu huko Hilliard kama saa tano na nusu. Alisema anakwenda kutafuta mafuta na huenda akakawia. Tangi lilikuwa limejaa, nilikuwa nimeona.

Kijana alifungua mlango akiwa amevaa fulana ya kazi, shifti yake ilianza mchana. Mkewe alikuwa karakanani. Alishangaa kuniona peke yangu. Akanikaribisha ndani kwa adabu, akanionyesha kochi, yeye akabaki amesimama akiegemea ukuta. Nikamwambia bila kuzunguka. Bibi yake alikuwa Mtwa na kazi yake ilikuwa vyungu, na mimi nilimficha kwa watu wote niliowahi kuishi nao.

Niliona haitoshi, kwa hiyo nikamwambia na lile ambalo hata mama yake sikumwambia usiku ule. Nilikuwa kidato cha kwanza, shule ya bweni ya wamisionari. Jumamosi moja tulikwenda sokoni, wavulana sita wenye viatu. Mama alikuwa amekaa mwisho wa soko na vyungu vyake. Hatukuwa tumeonana miaka mingi. Mmoja wa wenzangu akatania kwa sauti kwamba tuzibe pua. Nilicheka nao. Mama aliinua macho, akanitambua, nikajua amenitambua. Kisha akainamia chungu kimoja, akakifuta kwa khanga kana kwamba kina vumbi, akaendelea kukifuta mpaka tukapita.

"Ulimpita," kijana akasema.

"Nilimpita."

"Hukurudi?"

"Nilisema nitarudi likizo. Halafu mauaji yakaanza, tukakimbia. Sijui alikufia wapi."

Alikwenda dirishani akanipa mgongo. Nilikuwa tayari aniambie niondoke. Nisingemlaumu. Nilimwambia hivyo pia: kwamba sikuja kusamehewa haraka, nimekuja ajue ametoka kwa nani, na kwamba siku ya harusi yake kosa lilikuwa langu, si la mkewe wala la yule mzee.

"Siku ile njiani nilikuuliza," akasema. "Nilikuambia unifundishe."

"Uliniuliza."

"Nilidhani unamdharau mke wangu. Miezi yote hii, Baba. Yeye ananiuliza amekukosea nini, na mimi sina jibu la kumpa."

"Nitamwambia mwenyewe."

"Utamwambia leo. Anarudi saa kumi na moja."

"Nitamwambia."

Akaangalia saa. Akatoa simu mfukoni, akawapigia watu wa ghalani, akawaambia kwa Kiingereza kwamba leo atachelewa, hajui mpaka saa ngapi, ni mambo ya familia. Akaweka simu juu ya meza, akavuta kiti cha jikoni, akakaa mbele yangu, karibu.

"Haya," akasema. "Udongo alikuwa anautoa wapi?"

Nikaanza kumweleza kuhusu bonde.